Mgongoni hadi Kaburi la Padri

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, wenzangu wa Sparkbrook, mtaa wa Birmingham, Uingereza, waliotunza wazee walijua njia ya basi la mjini tu. Mimi nilifika Hawaii. Nilikuwa na diploma ya utunzaji, niliyoisomea kwa jasho langu, ndiyo maana mwajiri alinichagua nimsindikize bibi mmoja, Mgoa mzaliwa wa Nairobi, aliyekuwa akifa kwa saratani ya mifupa. Alitaka jambo moja: kufika kwenye kaburi la kaka yake, padri aliyefia huko. Mwanawe wa kiume alifuatana nasi shingo upande.

Siku ya kwanza tulitazama hekalu la kale la wenyeji, kuta za mawe meusi zilizopangwa bila udongo wala saruji. Tuliambiwa zamani mkosaji aliyekimbilia humo, akaingia kabla ya kukamatwa, hakuuawa.

"Mimi nikiingia, saratani nabaki nje?" bibi akauliza, akacheka peke yake.

Kesho yake tulikwenda kwenye kanisa la mbao lililochorwa watakatifu hadi darini. Makaburi yalikuwa nyuma, juu ya mawe ya volkano. Kiti cha magurudumu kikakwama.

"Tupige picha kutoka hapa, Mama," mwanawe akasema.

"Picha iko nyumbani." Akanigeukia. "Wewe, chukua hii leso ya magotini. Funga mimi mgongoni, kama yaya alikuwa nafunga mimi Nairobi."

"Mimi si yaya, bibi. Nina diploma."

"Haya, diploma. Inama."

Tulifundishwa tusimwinue mgonjwa kwa nguvu zetu kamwe. Mwanawe alinikumbusha kwa kelele. Nikainama. Alikuwa mwepesi hadi nikaogopa. Kila nilipokanyaga aliguna sikioni mwangu, wala hakuniambia nisimame. Kaburini nilipiga magoti ili mkono wake ulifikie jiwe. Alilishika kwa muda mrefu.

"Sasa rudisha mimi," akasema.

Alirudi Birmingham na ubavu uliovunjika, akalazwa, hakuinuka tena. Mwanawe alinishtaki kwa mwajiri, nikafukuzwa kazi. Leo nina nyumba yangu ya kutunzia wazee Nakuru, diploma iko ukutani, na wafanyakazi wangu nawafundisha sheria ileile.

Kwenye mazishi yake, kule Birmingham, nilikuwa nimekaa nyuma, bila mwaliko. Mama mmoja akauliza mimi ni nani.

"Yaya wa Mama," mwanawe akajibu bila kunitazama.

"Ndiyo," nikamwambia yule mama. "Mimi ndiye niliyembeba."