Fundi Aliyejua Viuno Vyetu

Fundi cherehani wa Kyela amefariki. Habari niliipata Jumanne kwa simu ya binamu yangu, aliyepiga kutoka posta ya kule huku akipaza sauti utadhani maneno yanafika Dar es Salaam kwa nguvu za mapafu yake. "Yule fundi wa barazani tumemzika jana," alisema. Nikamuuliza kafa kwa ugonjwa gani. "Malaria." Nani kasema ni malaria? Alipimwa damu? Binamu akasema, "Wewe huachi tu," na simu ikakatika. Wanaonisoma hapa kila wiki wanaijua tabia hii ya kuuliza maswali hata msibani, na wapo walioniandikia barua za kunikanya. Leo naandika juu ya mtu niliyemuuliza maswali mengi kuliko mtu yeyote pale mjini kwetu. Alinijibu yote kwa subira, na mimi nikakosea hata hivyo.

Hakuwa ndugu yangu. Alikuwa mtu wa pwani aliyefika Kyela kijana, kumsaidia mjomba wake dukani. Duka likafa, mjomba akarudi kwao, yeye akabaki na cherehani moja kwenye baraza ya duka la mtu mwingine, si mbali na stendi. Kinyakyusa alijifunza kiasi cha kusalimia na kushukuru, "mugonile" asubuhi na "ndaga fijo" akipokea kazi, kwa lafudhi iliyowachekesha wazee kila siku kana kwamba wanaisikia mara ya kwanza. Kazi yake ilikuwa na utaratibu ambao sikuuona kwa fundi mwingine. Kila mteja alikuwa na ukurasa wake katika madaftari ya shule, na kila alipopimwa upya, vipimo vipya viliandikwa chini ya vile vya zamani bila kufuta kitu: kifua, kiuno, nyonga, paja, urefu. Alifanya hivyo kwa sababu watu wa Matema na Ngonga walizoea kumtumia kitambaa kwa mkono wa mtu, na ujumbe wa maneno mawili tu, "kama ile." Lakini ukiusoma ukurasa kuanzia juu kwenda chini, ulikuwa unausoma mwili wa mtu kwa miaka kumi au kumi na tano. Na ukurasa wa mwisho wa wengi aliufunga yeye mwenyewe, maana kwetu familia yenye uwezo humzika mwanamume na suti mpya, na suti hiyo hushonwa kwa haraka, kwa vipimo vilivyoko daftarini.

Lazima nieleze pia jambo la akiba, kwa wale wasioijua Kyela ya miaka hii ya ruksa ya biashara. Mwanamume akishona suruali huomba fundi aache kitambaa cha ziada ndani ya mshono wa nyuma, ili tumbo likikua suruali ifunguliwe ipanuliwe. Hiyo ndiyo akiba. Kadiri mshono wako ulivyokuwa mpana, ndivyo ulivyokuwa na matumaini makubwa na maisha. Siku ya kuja kufungua akiba ilikuwa kama sherehe. Mtu alisimama pale barazani mikono juu, fundi akamzungushia futi yake ya kitambaa, na wanaume waliokaa kwenye benchi wakawa watangazaji wa mpira. "Fundi, nyumba inaongezwa chumba hiyo!" "Acheni, huo mchele wa Busale unazungumza!" Mwenye tumbo akacheka kuliko wote.

Baba yangu mdogo, aliyenilea baada ya wazazi wangu kutengana, alikuwa mmoja wao. Katika miaka ya ushirika alikuwa karani wa ununuzi wa mpunga. Alizunguka Ngonga na Busale kwa baiskeli, kwenye tope na kwenye vumbi, na alikuwa mwembamba kama spoku. Biashara ilipoachiwa huru, ushirika ukalala, naye akawa mnunuzi binafsi. Akanunua pikapu iliyochoka, kisha nyingine isiyochoka sana. Baiskeli ikaning'inizwa stoo. Sisi wa nyumbani tuliona baraka. Wali ulipikwa kwa mafuta ya kutosha, nyama ilikuja bila kungoja sikukuu, na jioni alikaa na wafanyabiashara wenzake na kreti ya bia katikati yao. Tumbo lilipotokea, mama mdogo alilishangilia, kwa kuwa lilikuwa ushahidi, mbele ya ndugu wa mume, kwamba anamtunza mtu wao.

Nilikuwa likizo kutoka chuo kikuu siku alipokwenda kufungua akiba kwa mara ya tatu. Fundi alipima kiuno, akapima nyonga, akarudia kiuno. Akafungua daftari. Benchi lilikuwa limeanza utani wake, lakini yeye hakucheka.

"Tata, akiba imekwisha," alisema, akimwita kwa heshima ya Kinyakyusa.

"Weka kipande nyuma," baba mdogo akamjibu. "Kitambaa si kipo?"

"Kipo. Lakini nikwambie kitu, na usikasirike. Nyonga zako ni zilezile za wakati wa baiskeli. Mapaja yamepungua. Kiuno peke yake ndicho kilichokua, sasa kimezipita nyonga."

"Basi nimeneemeka."

"Wengi waliofika hapa kwenye daftari langu," fundi alisema kwa sauti ya chini, "baada ya hapo nimewashonea suti moja tu."

Mwenye busara angenyamaza. Mimi nilikuwa mwaka wa pili, nimejaa masomo ya namna ya kupima hoja za watu. Nikamrukia. Wengi maana yake wangapi? Na wale wembamba waliokufa, nao umewahesabu? Na wenye viuno vikubwa walio hai mpaka leo, mbona huwataji? Benchi likapiga makofi. "Msomi kambana fundi!" Yeye alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akafikiri kweli. "Hilo ni swali zuri," alisema. "Hao wengine sikuwahesabu. Nitawahesabu." Mimi nikadhani nimeshinda.

Asubuhi ya pili nilimkuta baba mdogo stoo anaipiga pampu baiskeli. Sijui kilichomgusa, labda kusikia kwamba mapaja yake yamepungua, yeye aliyezoea kujisifia miguu ya karani. Akaanza kwenda Ngonga kwa baiskeli, pikapu ikimfuata baadaye kubeba magunia. Bia akaipunguza hadi moja, kisha akaiacha. Alimwambia mama mdogo apunguze mafuta, wakagombana. Niliporudi likizo iliyofuata nilimkuta amepungua kiasi cha kuonekana, anapanda ngazi za ghala bila kuhema, anapiga mluzi. Suruali zilikuwa zinamwanguka. Akafanya jambo ambalo kwa mtu wa kwingine lingekuwa dogo kabisa: alizichukua suruali zake nne akampelekea fundi azipunguze, mchana, barazani, mbele ya benchi lote.

Kwetu hakuna aliyewahi kuona hivyo. Suruali za watu wazima zilipanuliwa, hazikupunguzwa. Na mnaikumbuka miaka hiyo, au tuseme bado tumo ndani yake. Kyela iko mpakani, malori na wageni hawakatiki, na tulikwisha kuzika vijana wengi wa ukimwi waliokonda kwanza. Mtu mnene akipungua, mji mzima ulijua jibu kabla ya kuuliza swali. Benchi halikutania siku ile. Mmoja aliinuka akamwachia baba mdogo nafasi ya kukaa, kwa upole mbaya, namna mgonjwa anavyopishwa. Ndani ya wiki habari ilikuwa imefika Busale: amepunguziwa suruali. Wakulima wakaanza kuuza kwa wanunuzi wengine, eti huyu atakufa na pesa zetu. Kikombe chake cha chai mgahawani kikatengwa. Dada zake walikuja kumhoji mama mdogo kana kwamba yeye ndiye kamletea maradhi nyumbani.

Fundi alikuja nyumbani mwenyewe, akakaa sebuleni akiwa amevaa kofia yake safi ya Ijumaa. "Nitawaambia mimi ndiye niliyemshauri," alisema. Baba mdogo alitikisa kichwa. "Ukisema wewe, watasema nimekununua. Acha." Kabla ya kuondoka fundi alinipa kipande cha karatasi kilichokunjwa. "Msomi, hesabu yako ile. Nimewahesabu wote, wembamba kwa wanene, walio hai na waliokufa. Itazame, uniambie kama nimekosea." Nilikitia mfukoni. Nasema ukweli hapa mbele yenu: sikukifungua kamwe. Niliona haya kwa niaba ya familia, na nilimchukia yeye na futi yake.

Usiku uleule mama mdogo aliniita jikoni. Alikuwa amelia mpaka sauti imekauka. "Mwanangu, wewe umesoma. Mimi hanisikii. Mwambie ale. Watu wananipita njiani hawanisalimii." Nikaenda. Nilimkuta baba mdogo mezani, mbele yake sahani ya samaki mbasa wa kuchemsha na ndizi mbili. Nikamwambia, "Baba, fundi si daktari. Futi ni ya kupimia nguo. Kula ili watu wanyamaze." Akaisogeza sahani kando kidogo. "Na wewe unaona hivyo?" akauliza. Nikasema ndiyo. Akamwita mama mdogo, akamwambia alete nyama.

Haikuchukua mwaka kunenepa tena. Baiskeli ikarudi kuning'inia. Alipokwenda kupanua zile suruali nne zilizokuwa zimepunguzwa, naambiwa benchi lilimshangilia mpaka wapita njia wakasimama, na wakulima wa Busale wakarudi kumuuzia. Mji uliridhika kwamba ni mzima. Msimu wa pili wa mavuno, akiwa ghalani anasimamia kupima mpunga, alimwambia kijana wa mizani kwamba mkono wa kushoto umekufa ganzi. Kisha mdomo ukaenda upande. Waliomfikisha hospitali wanasema daktari aliuliza mara mbili presha yake ilipimwa lini mara ya mwisho, na sukari je, na hakuna aliyejua, kwa sababu haikuwahi kupimwa hata siku moja. Hakuamka tena. Alikuwa hajafika miaka hamsini.

Mimi ndiye niliyetumwa kupeleka kitambaa cha suti. Nilisimama mbele ya fundi nikingoja aniambie neno, lolote, hata tusi. Alinipa pole, akafungua daftari kwenye ukurasa nilioujua, akatandika kitambaa. "Shika upande huu, kisiteleze," alisema. Nikashika. Akakata.

Baadaye mitumba ilimmalizia kazi. Siku hizi pale sokoni mtu huchagua suruali kutoka kwenye rundo, akijaribu kwa kuizungusha shingoni, na tumbo likimzidi anahamia rundo la pili. Hapimwi na mtu. Fundi alibaki na sare za shule na viraka. Watu husema biashara huria imetupa nguo nzuri kwa bei nafuu, nami nimevaa mitumba hapa ninapoandika, siwezi kujifanya mtakatifu. Lakini tulichokipoteza hakikuwa ushonaji tu. Alikuwapo mtu mmoja mjini aliyetugusa kiunoni kila mwaka na kukumbuka tulivyokuwa mwaka uliopita.

Nina rafiki daktari niliyemsimulia haya. Hakucheka. Alisema madaktari nao wanazidi kukiangalia kiuno kuliko uzito wa mizani, kwa kuwa mafuta yanayojaa ndani ya tumbo, yakayazingira maini na utumbo, yana madhara kuliko yale ya nyonga na mapaja. Hayo ya tumboni ndiyo yanayoandamana na presha, sukari na moyo. Nikamuuliza maswali yaleyale niliyomuuliza fundi. Akanijibu karibu vilevile. Kipimo cha kiuno si hukumu, alisema. Wapo wenye matumbo makubwa watakaotuzika sote, na wapo wembamba wenye presha ya kutisha. Kinachosemwa na kiuno ni kwamba nenda ukapimwe mengine, upesi. Kama fundi angekuwa na la kuongeza juu ya hilo sijui, na sasa sina wa kumuuliza.

Nimeishi kwa kujivunia kwamba sikubali jambo bila ushahidi. Ukweli ni kwamba kati ya watu wote waliosema juu ya mwili wa baba yangu mdogo, ni mmoja tu aliyekuwa na ushahidi, naye ndiye peke yake niliyemdai aulete. Wale wa kwenye benchi, waliomwona mtu anapona wakaamua anakufa, hawakuwa na kitu mkononi. Sikuwauliza swali hata moja. Nilibeba neno lao nikalipeleka mezani kwake kwa mdomo wangu, na kwa kuwa nilikuwa msomi wa nyumba, aliliamini.