Nyuzi Tumboni mwa Chahida

Mjini Mutsamudu, kisiwani Nzuani, mwanamke akishikwa na uchungu, wa kwanza kuitwa alikuwa mkunga, na wa pili alikuwa Rahamatou wa mtaa wa Hombo. Rahamatou hakuzalisha. Kazi yake ilianza mtoto akishatoka: kumkanda mzazi kwa mafuta ya nazi yenye moto, kulirudisha tumbo mahali pake, kisha kulifunga mkaja mpaka arobaini itimie. Na alikuwa na mdomo, mama huyu. Mzazi akilalamika kwamba mkaja unambana, humwambia, "Ulifikiri nimekuja kukubembeleza? Tulia." Wanawake walitulia, kwa sababu matumbo yaliyopita mikononi mwake yalirudi, na wenyewe wakaenda kuringa nayo harusini.

Sasa mtu kama huyo, binti yake wa pekee akajifungulie Moroni, kisiwa kingine! Chahida alikuwa ameolewa na Nourdine, karani wa serikali huko, na mimba yake ilikomaa wakati ule wakubwa wa Nzuani walipokuwa wamejitenga, hawataki kusikia amri yoyote kutoka Moroni. Boti leo inaondoka, kesho imezuiwa. Desturi ni binti kuzalia kwa mama yake, na Rahamatou alishafua mikaja akaikunja tayari. Chahida hakuweza kuvuka. Akazaa mbali, akafungwa tumbo na jirani asiyejua hata fundo linakaa wapi, huku mama yake yuko Hombo anafunga matumbo ya mabinti wa wenzake. Iliuma, jamani. Siku hizo hata wali aliunguza, na hakuna aliyethubutu kumwambia kitu.

Miezi ikapita, na ngozi ya tumbo la Chahida ikabaki kuning'inia. Akiinama kumwogesha mtoto anaiona, akivaa anaikunja kama anayekunja nguo. Kule Badjanani, mji wa kale wa Moroni, bibi mmoja kutoka ng'ambo alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la vitambaa, na wanawake wakinong'onezana kwamba anatia nyuzi. Anazipitisha kwa sindano chini ya ngozi, nyuzi zenye vimiba vidogo, kisha anazivuta, na ngozi iliyolegea inapanda. Waliotangulia kwenda ni wale wenye jamaa Ufaransa. Chahida naye akaenda. Bibi akamtia nyuzi, akamwonya asilalie tumbo, asibonyezwe wala asikandwe mpaka ngozi ishikamane, kisha arudi atazamwe.

Kabla hajarudi, zikaja habari kwamba ipo boti ya kwenda Mutsamudu, na huenda isipatikane nyingine. Angefanya nini? Mama yake hajamwona mjukuu. Nourdine alizuiwa na kazi. Chahida akambeba mtoto mgongoni, akavuka.

Ikawa ndiyo boti ya mwisho kweli. Bahari ikafungwa kwa amri ya Moroni, simu zikawa za kubahatisha, petroli ikaanza kutafutwa kama dawa. Lakini Rahamatou hakujali siasa za mtu siku ile. Alilia, akambusu mjukuu miguu na mikono, na kabla chai haijapoa alikuwa amemfunua binti yake shiromani aliyojitanda, anatazama tumbo.

"Nani alikufunga wewe?" akauliza. "Huyo angefunga kuni. Lala hapa."

"Mama, wakati wake umeshapita."

"Umepita kwa nani? Lala, mwanangu."

Chahida maneno alikuwa nayo mdomoni. Lakini hebu fikiria wewe: unamwambiaje mkandaji wa mji mzima, mama yako mzazi, kwamba kazi yake umempa mgeni akaifanya kwa sindano? Alimtazama mama yake akipasha mafuta, uso umemkunjuka kwa furaha. Akalala.

Rahamatou akakanda. Vidole vyake vikagusa vitu vyembamba chini ya ngozi, vimenyooka, vigumu. "Ona mishipa ilivyokakamaa," akasema. "Ndiyo maana." Akazidi kubonyeza ili kuilainisha. Chahida akauma ncha ya shiromani. Kila asubuhi ikawa hivyo, mafuta, mikono, mkaja, na mama akieleza habari zote za Hombo zilizompita binti yake alipokuwa Moroni.

Kisha tumbo likawa jekundu. Likavimba, likawaka moto, na homa ikampanda hata maziwa yakakauka. Rahamatou akalaumu hewa ya Moroni, akalaumu samaki wa jana, mwisho akampeleka hospitali. Daktari aliposhika tumbo akauliza kuna nini humu ndani. Chahida akageukia ukutani, akasema yote. Mama yake alikuwa amesimama hapo hapo, mtoto kiunoni.

Daktari alitoa nyuzi alizoweza kuzitoa. Nyingine zilikuwa zimekatika na kuzama. Usaha ulikuwa umeenea, na dawa aliyoitaka haikuwa imeingia kisiwani tangu bahari ifungwe. Akasema mgonjwa avushwe upesi, popote, la sivyo hatapona.

"Ni mikono yangu, daktari?" Rahamatou akauliza.

"Sijui, mama. Huenda sindano ilikuwa chafu tangu huko. Huenda ni kukandwa. Huenda yote mawili."

Angeweza kumdanganya, na nani angemlaumu? Hakumdanganya.

Moinaidi, kaka yake Rahamatou, alikuwa kuli bandarini na manahodha wote aliwajua. Akazunguka gati lote akiomba. Meli zimelala. Huku wanazuia, na kule wanazuia. Vile vyombo vidogo vinavyovusha watu kwenda Maore, kisiwa kilicho chini ya Wafaransa, havikuwa na petroli, isipokuwa kimoja. Mwenye chombo hicho akakubali, akaja nyumbani walikomrudisha mgonjwa, akamtazama, akatoka. Akamwambia Moinaidi pembeni kwamba yeye habebi maiti. Rahamatou alimsikia. Akamfuata mpaka njiani, yeye mwenye mdomo wake wote ule, akamwangukia miguuni. Mwenye chombo akampita, akaenda zake.

Basi wakabaki nyumbani. Rahamatou alikaa kando ya kitanda na kitambaa cha maji, anapoza paji la uso, akiogopa kushuka chini ya shingo.

"Ulikuwa unaumia, na hukuniambia," akasema.

"Nilitaka unikande, mama," Chahida akasema. "Tangu nijifungue nilikuwa nakungoja wewe."

Rahamatou akakiloweka kitambaa, akakikamua, akakirudisha.

Chahida alifariki Ijumaa, watu wakiwa msikitini, na mumewe Moroni hana habari. Akaja Djaouharia, mwosha maiti wa mtaani, akamwambia Rahamatou kwamba mama ana haki ya kumwosha mwanawe, akitaka. Akataka. Alimwaga maji taratibu, na waliokuwamo chumbani wakamsifu moyoni kwa subira. Wakamketisha maiti nusu, kama inavyotakiwa. Ikafika pale tumbo linapobonyezwa kidogo ili litoe kilichobaki. Djaouharia akamtazama, akamwachia nafasi. Rahamatou akarudi nyuma, mikono ameifumbata kwapani.

"Fanya wewe, dada," akasema. "Lakini polepole. Hapo panamuuma."