Kombe la Kaka

Kaka yangu alianguka mkarafuu msimu uliopita, bega likavunjika. Kwetu Wingwi kuanguka mkarafuu si habari ya kukusanyia watu. Habari ni kilichofuata. Maumivu yalimnyima usingizi, akapewa vidonge vya kulalia, na tangu aanze kuvimeza akawa ntu mwengine. Kaka huyu ambaye hata kuku alikuwa hamfukuzi kwa jiwe, akamrushia mkewe chungu cha moto, eti mchuzi umekosa ndimu! Akilala akiamka, hakumbuki. Anauliza nani kavunja chungu.

Mama akasema mkarafuu ule una mwenyewe, na huyo mwenyewe kaingia kichwani mwa mwanawe. Basi likaandikwa kombe: aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, zikaoshwa kwa marashi, kaka akawa anakunywa asubuhi na jioni. Wifi yangu, masikini, hakubishana. Alilichukua panga la mumewe akalifukia kwenye gunia la makumbi ya nazi, nyuma ya jiko. Aliniambia mimi tu. Nikamwambia arudi kwao Chokocho.

"Nikenda, nani atampa maji?"

Nilimkasirikia mpaka nikalia.

Ndipo akaja bi mmoja wa utafiti kutoka hospitali, anapita nyumba zenye watu wanaotumia dawa za usingizi. Mama akamtandikia mkeka mpya.

"Akishameza, mgonjwa anakuwaje?"

"Ah, anatulia, mwanangu. Alhamdulillahi."

Ndiyo sisi hao! Mgeni akikuuliza hali, kwanza alhamdulillahi, hata kama paa linaungua.

"Mama, mwambie ya chungu!"

Mama akanikata jicho. Nikayasema yote mwenyewe, haya zangu nikaziweka pembeni.

Yule bi akaweka kalamu chini. Akasema dawa zile huwatuliza wengi, lakini wako wachache ambao badala ya kuwafunga hasira huwafungulia, na hilo ndilo wanalolichunguza.

"Msizikate ghafla. Mpelekeni kwa daktari leo hii. Ila msimzidishie hata kimoja."

Mama akashika mdomo.

"Mama, nini?"

"Mie nlidhani akizidi ukali anataka dawa zaidi. Navisaga, natia kwenye kombe. Leo nimetia vingi."

"Kombe liko wapi?"

"Mkewe kampelekea sasa hivi."

Wallahi hata viatu sikuvaa. Mlango wa chumba ulikuwa umerudishwa, nikausukuma. Kaka kakaa kitako kitandani, kikombe kitupu mkononi, katulia kwelikweli. Wifi kasimama kajibana ukutani. Kaka hakunitazama. Alikuwa anamtazama mkewe, na alimuuliza kwa sauti laini kabisa, ile sauti yake ya zamani:

"Mke wangu, panga langu umeliweka wapi?"