Kiti Moto cha Mama Mkunga

Mwanamke aliyepokea nusu ya watoto wa mtaa kwa mikono yake haambiwi kwamba hajui joto ni nini. Lakini Mama Mkunga aliambiwa, tena na mtoto aliyemzaa mwenyewe, tena sebuleni kwake, huku mtoto huyo anakunywa chai yake. Lo! Watoto hawa.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Mama Mkunga alistaafu hospitali, lakini kustaafu kwake kulikuwa kwa maneno tu. Mzazi akirudi nyumbani na kichanga chake, simu inalia: mama, mtoto hataki kunyonya, mama, kitovu kimelowa, mama, njoo tu utuangalie. Naye anakwenda. Magoti yake yalichoshwa na ngazi za wodini, hayakubali tena safari ya miguu, lakini alikuwa na gari lake dogo la rangi ya maziwa, mtumba kutoka nchi za baridi, na aliliendesha vizuri kuliko wengi waliompigia honi. Mkoba wake wa kazi aliuchomeka katikati ya viti, karibu na breki ya mkono, maana mkunga na mkoba hawaachani.

Sasa gari likaanza vituko. Yuko njiani, anaimba zake taratibu, mara joto linapanda kutoka chini. Kwanza alidhani ni jua. Kisha akalaumu gauni. Kuna siku alijiinua kwenye kiti kama mtu aliyekalia siafu, na aliposhuka akakishika: ndiyo, kina moto. Siku nyingine, wala! Akamwambia mwanawe wa kwanza, ambaye alimwita Kifunguamimba hata mbele ya wakwe zake. Kifunguamimba ni mtoto mwema, tusimsingizie. Alikuja, akautoa mkoba akauweka kiti cha nyuma kwa adabu, akakaa kwenye usukani, akazunguka mji mzima. Kiti baridi kabisa.

"Mama," akasema aliporudi sebuleni kwenye chai yake, kwa sauti ile ya kubembelezea wagonjwa, "gari halina kitu. Ni umri tu. Mwili ndio unaosikia joto."

Akampeleka kupimwa. Presha sawa, sukari sawa. Hayo nayo hayakumsaidia, kwani mwili ukionekana hauna tatizo, watoto husema basi ni kichwa. Kifunguamimba akachukua ufunguo wa akiba, akasema Jumapili atakuja kulichukua gari lenyewe, mama awe anapelekwa. Anapelekwa! Neno hilo lilimuunguza kuliko kiti. Kinachopelekwa ni mzigo. Na nani angempeleka alfajiri kwa mzazi anayelia? Wangemwambia asubiri, wako kazini, na mtoto asiyenyonya hana subira. Bila gari angebaki dirishani kutazama wapita njia, mpaka simu zikome zenyewe.

Basi akaenda kwa fundi wa umeme wa magari, mwenye gereji nyuma ya duka la matairi. Watu walimwita Volti. Mama Mkunga alimwita Mtanguliza Miguu, kwa sababu ndivyo alivyokuja duniani, na jasho alilomtoa siku ile hakulisahau.

"Karibu, mama. Gari lina nini?"

Alisita kidogo, maana pale palikuwa na wanaume wamesimama. Kisha akakumbuka neno alilowaambia wazazi waoga miaka yote ya kazi yake: mficha uchi hazai.

"Linaniunguza matako," akasema.

Wanaume wakaangua kicheko, mmoja mpaka akaangusha spana. Volti aliuma midomo, akachukua kipima umeme chake, akataka kuanza kufungua kiti. Mama Mkunga akamshika mkono.

"Taratibu, baba. Ukimkuta mzazi ana uchungu wa kuja na kuondoka, huanzi na kisu. Unakaa naye. Unamwacha afanye anavyofanya siku zote, unatazama uchungu unaanza baada ya nini."

"Kwa hiyo tukae na gari?"

"Tukae nalo."

Wakakaa nalo. Volti upande wa abiria, Mama Mkunga kwenye usukani, wakazunguka mitaa ya nyuma mpaka sokoni na kurudi. Kiti kimetulia kama hakijawahi kutenda kosa. Volti akaanza kumtazama kwa jicho ambalo mama alilijua, jicho la Kifunguamimba, la huruma. Hapo Mama Mkunga akaogopa kweli. Labda wanasema kweli, akawaza. Labda ni mimi. Akasimamisha gari kando ya barabara, akajiuliza kama alivyokuwa akiwauliza wakunga wanafunzi: leo umefanya nini usichofanya kila siku? Akageuka. Mkoba ulikuwa nyuma. Volti ndiye aliyeutupia huko apate pa kuweka miguu yake mirefu.

"Nipe mkoba wangu."

Akauchomeka mahali pake, wakaondoka. Hawakufika mbali.

"Haya! Uchungu huo, unakuja," akasema. "Weka mkono. Si kiganja, mgongo wa mkono, ndio unaosikia."

Volti akapenyeza mkono ukingoni mwa kiti, akautoa haraka. "Ala!"

Akainua mkoba. Chini yake palikuwa na swichi ndogo yenye picha ya kiti kinachofuka mvuke, na kitaa chake cha rangi ya chungwa kinawaka.

"Mama, gari lako lina hita ya kiti! Ni mkoba unaobonyeza swichi."

Mama Mkunga aliijua picha ile. Siku gari lilipofika alimuuliza Kifunguamimba ni ya nini, naye, bila hata kuigusa, akajibu kuwa hicho ni kitu cha nchi za baridi, kilikwisha kukatwa kabla gari halijauzwa. Sasa mama akacheka mpaka machozi, na si machozi yote yalikuwa ya kicheko. Kichwa chake kilikuwa kizima! Akapiga usukani kwa furaha, honi ikalia, watu wakashangaa.

Waliporudi gereji, Volti akashika koleo. "Nikate waya tumalize?"

"Ukate nini? Huu mgongo umeinama juu ya vitanda vya uzazi maisha yangu yote, leo nimepata cha kuukanda, wewe ukate? Sitaki kife. Nataka kiwake nikitaka mimi."

Volti akaichomoa swichi. Springi yake ilikuwa imelegea, na yenyewe ilikuwa imechomoza kama jino la mbele. Akaweka nyingine iliyotoka kwenye gari bovu, akaizamisha, lakini bado ilitaka ukuta wa kuizunguka. Akatafuta kwenye makopo yake, akakosa. Mama Mkunga akafungua mkoba, akatoa kifuniko cha kopo la mafuta ya mgando. Volti akakikata pete, akaibandika kuizunguka swichi. Sasa iliingia ncha ya kidole, basi. Mama Mkunga akaweka mkoba, akaukandamiza kwa mikono miwili, akaukalia kabisa. Kitaa kimya.

"Nilipokuvuta miguu siku ile," akamwambia Volti, "nilijua sijisumbui bure."

Jumapili Kifunguamimba akafika, mpole, amejiandaa kwa maneno.

"Sawa, mwanangu, lichukue," mama akasema. "Ila nizungushe kidogo kwanza, tuagane na gari."

Kifunguamimba akakaa kwenye usukani. Mama akakaa kando, mkoba mapajani, na kabla hawajatoka getini akapeleka kidole. Kisha akafanya anachokijua kuliko watu wote: akangoja. Wakapita duka la dawa. Mwanawe akajigeuza. Wakapita shule. Akafungua dirisha. Akavuta suruali, akajiinua, akakaa tena.

"Mbona hutulii?"

"Hapana... hakuna kitu, mama."

"Umri huo, baba. Unapiga hodi."

"Mama, kiti kinaunguza!"

"Gari halina kitu. Presha umepima?"

Kifunguamimba akasimamisha gari. Mama akamwonyesha kitaa, pete na picha ya kiti kinachofuka mvuke.

"Wanasema mtu akibanwa maswali amewekwa kiti moto," akasema. "Leo umekipata chenyewe. Haya, nijibu. Nani aliniambia hiki kimekatwa?"

"Mimi."

"Ulikigusa?"

"Sikukigusa."

"Na mimi niliposema naungua, ulimwamini nani?"

Kifunguamimba akainamisha kichwa. Akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa akiba, akampa mama yake kwa mikono miwili. "Nisamehe, mama." Mama akampapasa kisogo kama zamani, kwa sababu mtoto ni wako hata akikuudhi.

Hapo simu ikalia. Mzazi mpya, mtoto hashiki ziwa, sauti inatetemeka: mama, utaweza kuja? Kuna wa kukuleta?

Mama Mkunga alikuwa ameshafungua mlango, anazunguka kwenda upande wa usukani, na Kifunguamimba anampisha, amekumbatia mkoba.

"Nakuja sasa hivi, mwanangu," akasema. "Naendesha mwenyewe."