Siku Wifi Aliponiacha Nusu Kichwa

Nilikuwa mtu wa kufuta meseji za pesa bila kuzisoma. Nikilipa kitu kwa simu, meseji ya salio ikaingia, naifuta papo hapo kama mtu anayefukuza nzi. Si kwamba tulikuwa na dhiki. Nilikuwa nauza madera Manzese, wateja walikuwepo, na mume wangu alikuwa na kazi yake. Tatizo langu lilikuwa neno bajeti. Nikilisikia tu, najitafutia kazi nyingine ya kufanya.

Nadhani hofu hiyo niliitoa kwa wazazi wangu, Temeke. Baba akisema, "Leo tukae tupige hesabu," sisi watoto tulijua chakula cha usiku kitaliwa kimya kimya. Alikuwa mpole siku zote isipokuwa siku hiyo. Swali lake la kwanza lilikuwa kipunguzwe nini, na kilichopunguzwa kilikuwa cha mama: khanga zake, ususi wake, nauli ya kwenda kumwona dada yake. Nikakua naamini kupanga pesa ni kunyang'anywa.

Jumapili moja wifi yangu, dada wa mume wangu, akaja kutoka Gongo la Mboto kunisuka. Ana mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Tukakaa uani, yeye kwenye kiti, mie chini kwenye mkeka. Katika kupiga soga nikamwambia natamani siku nyingi kumpeleka mama hoteli za ufukweni, akanywe ile chai ya asubuhi ya kujipakulia mwenyewe mpaka uchoke.

"Sasa si umpeleke?"

"Pesa haikai, wifi."

"Inakwenda wapi?"

"Nitajuaje?"

Mikono yake ikasimama. "Lete simu."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Upande mmoja wa kichwa changu ulikuwa umesukwa, wa pili nywele zimetimka.

"Mie nataka nifike kwangu kabla ya magharibi," akasema. "Ama tusome matumizi yako, ama ubaki hivyo hivyo, kesho ukauze madera na nusu kichwa."

Machozi yakanilenga, nikashangaa mwenyewe. Ndipo nikamweleza habari za baba na zile hesabu zake. Alinisikiliza bila kunikatiza, kiganja chake kikiwa juu ya kichwa changu.

"Basi sie hatuanzi na kupunguza," akasema. "Tunaanza na mama. Chai yake tunaitenga kwanza, vingine vitafuata."

Jambo hilo halikuwahi kunijia akilini. Nikampa simu. Alijua pa kubonyeza, miamala yote niliyoikimbia ikajipanga mbele yetu. Nilichokiona hakikuwa cha kutisha. Kilikuwa cha kuchekesha. Chipsi mayai, wakati nyumbani nimeacha wali. Bodaboda ya kunipeleka mahali ninapopaona nikisimama mlangoni kwangu. Na michango ya harusi!

"Huyu bibi harusi unamjua?"

"Simjui."

"Na huyu?"

"Nadhani ni jirani wa shoga yangu."

"Wifi, umeshaoza nusu ya mji!"

Tukacheka mpaka mume wangu akatoka ndani kuuliza kuna nini. "Tunapiga hesabu," nikamjibu, huku nafuta machozi ya kicheko. Akatutazama, akarudi zake ndani. Wifi akamalizia kunisuka, na magharibi ikamkuta kwangu.

Sikugeuka malaika. Kuna wiki niliogopa tena kufungua simu, nikampigia wifi, akanitania mpaka nikafungua. Lakini kila nilipofunga duka Jumamosi nilitenga ya mama kwanza, na ajabu ni kwamba nilianza kuingojea Jumamosi.

Pesa ilipotimia, asubuhi tuliyokwenda hotelini mama alivaa dera jipya la zambarau, na wifi naye akaja, maana isingekuwa haki kumwacha. Mama alisimama mbele ya meza ile ndefu ya vyakula, akaninong'oneza, "Mwanangu, mtu anaruhusiwa kurudia?"

"Mara utakazo, mama."

Akaenda. Akarudi na vitumbua, akaenda tena akarudi na tikitimaji, mara ya tatu akamwita wifi amsaidie kubeba. Nami nikabaki nimekaa na kikombe changu, nikiwatazama wanavyobishana nani achukue kipande cha mwisho cha nanasi, nikaagiza chai nyingine bila kuogopa.