Kichwa Kilichotumwa Kuchuma Chai

Shule yetu ya msingi ilikuwa na shamba lake la chai, kipande kilichoanzia nyuma ya vyoo kikateremka hadi kijitoni. Wazazi walilipanda kwa harambee kabla mimi sijazaliwa, na majani yake ndiyo yaliyonunua chaki, rangi ya ofisi na karatasi za mazoezi za darasa la nane. Kila Ijumaa madarasa ya juu yalichuma kabla ya kengele ya kwanza. Hilo halikumkera mtu. Huku kwetu Kericho mtoto hujua majani mawili na chipukizi kabla hajajua a-e-i-o-u. Kinachonikera mimi, na kitanikera hadi nizikwe, ni kwamba mdogo wangu hakuchuma siku za Ijumaa tu.

Nilimtangulia kwa miaka mitatu. Alikuwa mtoto asiyeweza kukaa. Sisemi hakutaka, nasema hakuweza. Akianza hesabu ya kwanza, anaimalizia kwenye ya nne. Mwalimu hajamaliza kuuliza, yeye keshajibu, na jibu lenyewe ni la swali la jana. Penseli haikufika saa nne mkononi mwake, mpaka Mama akamfungia moja shingoni kwa uzi, na siku hiyo akapoteza penseli pamoja na uzi. Mvua ya mawe ikianza kugonga mabati, sisi wengine tumeziba masikio, yeye yuko nje anaikusanya kwa sketi.

Dawa yake ilikuwa konzi. Mwalimu wake wa darasa la nne alimgonga utosini kwa vifundo vya vidole, na kila konzi ilikuja na swali lile lile: "Hii kichwa iko na nini ndani?" Ko, ko, ko, ungedhani anabisha hodi. Hakungoja ajibiwe. Na mtoto akifika nyumbani, Baba alimalizia kwa mshipi.

Siku moja alitoka darasani kupitia dirishani, somo likiendelea, kwa sababu alikuwa ameona kinyonga. Nilikuwa nimetumwa ofisini kuchukua madaftari, kwa hiyo nilimwona akiletwa amevutwa sikio. Mwalimu mkuu alimtazama mtoto anavyofikicha vidole vyake, akacheka.

"Huyu mikono yake haiwezi kaa bure," alisema. "Wacha basi ichune majani."

Alipewa kikapu. Kabla ya saa sita kilikuwa kimejaa. Karani wa kituo cha kununulia majani, mtu ambaye alizoea kutupa chini majani ya watu wazima mbele ya macho yao, alimwaga ya mdogo wangu mezani, akapitisha mkono, asione jani gumu hata moja. Akauliza ni nani aliyechuma. Na ni kweli, mle mashambani alikuwa mtu mwingine. Mikono ilikwenda, macho yalikwenda, kila mche ulikuwa na jambo jipya la kumwonyesha. Kuanzia wiki hiyo, kila alipowasumbua darasani alipelekwa chini kuchuma. Na alikuwa akiwasumbua kila siku.

Basi nyumbani kwetu tulifanya nini? Tulishukuru! Mama alisugua kibuyu kwa mkaa, akakijaza mursik, yale maziwa yetu ya kugandisha ambayo mgeni wa heshima hupewa, akakibeba hadi ofisini. Alimshukuru mwalimu mkuu kwa mikono miwili kwa kugundua kwamba mtoto wake ana faida. Baba alisema afadhali sasa hapigwi. Hapo alisema kweli. Hakupigwa tena, kwa sababu hakuwa darasani apigwe.

Na mimi? Mwaka uliofuata niliingia darasa la nane, nikafanywa kiranja wa stoo. Stoo ilikuwa na rafu moja ndefu, upande huu vitabu vya kiada, upande ule vikapu, ndiyo maana vitabu vyetu vyote vilinuka majani mabichi. Nilivaa ufunguo kwa kamba shingoni na kujiona mtu. Mdogo wangu alikuwa darasa la tano. Alikuja mlangoni saa tatu asubuhi, nami nilimpa kikapu, nikafunga, nikarudi kufanya karatasi za mazoezi zilizonunuliwa kwa majani yake. Nilifaulu vizuri. Nilibebwa juu juu siku ya matokeo, na yeye alikuwa miongoni mwa walionibeba.

Niliondoka kwenda sekondari ya bweni. Yeye alirudia darasa la sita. Kisha akarudia la saba. Kurudia kulikuwa ndiko kusafisha darasa la nane: mtoto wa kushusha wastani wa shule alizuiwa chini asiufikie mtihani wa taifa. Hakuna aliyeuliza huyo mtoto angejua vipi hesabu za sehemu sahili ilhali zikifundishwa yeye yuko kijitoni na kikapu. Walimnyima darasa, halafu wakamwadhibu kwa kutojua ya darasani.

Katika muhula wangu wa kwanza chuo cha ualimu, mwishoni mwa miaka ile ya tisini, mwalimu wetu wa saikolojia ya watoto alichora ubongo ubaoni. Alisema kuna watoto wasiotulia, wasiongoja zamu, wanaopoteza kila kitu, na kwamba hali yao ina jina hospitalini. Aligusa sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayomsaidia mtu kujizuia na kukaa na jambo hadi liishe, kisha nyingine za ndani zinazoshirikiana nayo. Ng'ambo madaktari walikuwa wameanza kupiga picha za ubongo wa watoto kama hao, na walipowalinganisha kwa wingi na wenzao, baadhi ya sehemu hizo zilionekana ndogo kidogo. Tofauti ni ndogo, alisisitiza, hata huwezi kumtambua mtoto mmoja kwa picha yake. Na si kipimo cha akili. "Mtoto kama huyo anaweza kuwa mwerevu kuliko wewe," alituambia. "Ukimchapa, unamchapa kwa vile alivyoumbwa."

Darasa zima lilinakili. Mimi sikuweza. Nilikuwa nasikia ko, ko, ko.

Likizo ya Aprili nilifika ofisini kwa mwalimu mkuu kabla sijafika kwetu, daftari mkononi. Majina ya watahiniwa yalikuwa yanaandikwa, na mdogo wangu alikuwa amewekwa darasa la saba kwa mara ya tatu. Nilitaka jina lake liingie, basi. Nilimfungulia ule mchoro. Nikamweleza, kwa haraka na kwa hasira, mambo ya mbele na ya ndani, nikataja zile sehemu ndogo.

Alisikiliza akiwa ameegemea kiti. Kisha akatabasamu.

"Ubongo ndogo," alisema. "Si hiyo ndiyo tumekuwa tukisema hapa miaka yote, msichana wangu? Asante. Umetuletea ushahidi wewe mwenyewe."

"Mwalimu, sikusema hivyo. Ni sehemu tu, na ni kidogo. Akili yake ni nzuri."

"Sasa unataka niweke mtoto wa ubongo ndogo kwa candidate class, aharibie wengine mean? Wewe utakuwa mwalimu. Utaona."

Nilimwambia kwamba nikiwa mwalimu wa namna yake, heri nikachunge ng'ombe. Aliniamuru nitoke. Nyuma yake, juu ya kabati la faili, kibuyu cha Mama kilikuwa bado pale, kimejaa kalamu. Nilikichukua, nikamwaga kalamu zake mezani, nikatoka nacho kwapani. Ndilo jambo pekee nililofanikiwa siku hiyo.

Katika kijiji chetu neno halilali njiani. Siku ya tatu nilimfuata mdogo wangu chini ya shule. Likizo haikuwa likizo kwake, chai haijui likizo. Alikuwa na miaka kumi na sita, kikapu mgongoni, na hakugeuka.

"Ni wewe umeambia mwalimu niko na ubongo ndogo?"

Ningeweza kukana. Niliingia kati ya mistari ya chai, nikaanza kumweleza upya, nikijikwaa. Sikufungua daftari. Nilimwonyesha kwa kidole kwenye paji langu mwenyewe. Nilieleza zile picha, nikaeleza kujizuia na kungoja zamu, nikamwambia kwamba tofauti si ujinga, nikamalizia na yale ya mwalimu wangu kuhusu kuchapa. Mikono yake haikusimama hata mara moja. Niliona wazi kwamba hasikii, nikapandwa na hasira hata kwake.

"Umeelewa nilichosema?" nilimuuliza.

Akanirudishia yote. Sehemu ya mbele na kazi yake, za ndani na kazi zao, kwamba picha hulinganisha watoto wengi na haiwezi kumsema mmoja, na maneno ya mwisho ya mwalimu wangu kama nilivyoyataja. Hakuruka kitu. Alisema yote akichuma, majani yakipita begani hadi kikapuni, bila jani moja gumu.

"Soma ingine," akasema.

Nilimsomea likizo nzima, sayansi, historia, sehemu sahili, nikirudi kinyumenyume kati ya mistari huku yeye akinijia na mikono yake. Alishika mambo kunishinda mimi. Jina lake halikuingia. Orodha ilipelekwa bila yeye, na mwaka uliofuata aliandikwa kazi kwenye mashamba makubwa ya chai, alikosifiwa kila mwezi kwa wepesi wa vidole.

Mwalimu mkuu nimemlaani vya kutosha, na sijamaliza. Lakini mwaka mzima ufunguo ulikuwa shingoni kwangu. Vitabu na vikapu vilikaa rafu moja, na kila asubuhi saa tatu nilinyoosha mkono upande mmoja tu.