Maji ya Kupimia Mashua

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo kumbukumbu yangu haiipiti bila kusimama: siku niliyokwenda Ipagala, mtaa wa hapa Dodoma, kukagua mashua. Usicheke. Najua Dodoma haina bahari, na sisi wa nyika hii tunamjua ng'ombe kuliko kasia. Lakini kusini kwetu lipo bwawa la Mtera, na huko aliishi dada yangu Nyemo, mjane, aliyenunua samaki kwa wavuvi wa ng'ambo na kuwauzia wasafiri barabarani. Alikuwa akivuka kwa mitumbwi ya kuazima. Alipotaka chombo chake mwenyewe, alinikabidhi mimi kazi ya kukichagua, kwa kuwa ndimi niliyefika chuo.

"Mimi sijui kuogelea, Yona," aliniambia. "Ukisema ni kizima, nitapanda."

Lisikilize neno hilo vizuri. Nilidhani nimepewa kazi ya ununuzi, kumbe nilikuwa nimepewa roho ya mtu niishike.

Ilikuwa miaka ile milango ya biashara ilipofunguliwa, na vitu vilivyokwisha kutumiwa vikawa vinauzwa kila uani. Mtaalamu mmoja wa kigeni alikuwa amemaliza mkataba wake, akaacha kwa dalali mashua ya tanga, imekaa juu ya tela chini ya turubai. Haikufanana na mitumbwi tuliyoizoea. Chini ya sakafu yake palikuwa na tangi. Ikiwa bwawani unalijaza maji, na uzito wake unaizuia mashua isilazwe na upepo. Ukitaka kuivuta kwa gari unayafungulia, nayo inakuwa nyepesi.

Nilifuatana na jirani yangu, Mzee Issa, mwenyeji wa Kondoa, fundi bati aliyeziba mapipa na ndoo za mtaa wetu wote. Nilikagua kwa bidii, sitaki kujidhulumu. Nilikunjua tanga, nikavuta kila kamba, nikapitisha kiganja ubavuni kote nikitafuta ufa. Sikuuona. Mzee Issa yeye alichungulia ndani, kisha akauliza swali moja tu.

"Tangi hili limejazwa lini mara ya mwisho?"

Dalali aliangua kicheko. "Mzee wangu, unataka tuinyweshe mashua hapa Ipagala? Watu wenyewe hawajaoga!"

"Inywe. Chombo cha maji hukaguliwa kwa maji. Pipa likiwa kavu halikuambii kitu."

"Msomi, mtulize mzee wako," dalali akanigeukia. "Wale akinamama watatupiga mawe."

Nje ya ua, akinamama walikuwa wamepanga ndoo zao bombani tangu alfajiri. Kilikuwa kiangazi. Niliwatazama nikamkumbuka mama yangu, aliyetuogesha kwa kata moja ya maji, na yaliyobaki kwenye beseni akampelekea ndama. Aliyelelewa hivyo huona kuagiza maji yamiminwe kwenye tumbo la mashua ni sawa na kumtukana mzazi wake. Nikashikwa na aibu.

"Tutalijaza Mtera, mzee," nikasema. "Huko maji ni tele."

"Na likivuja, utajulia wapi? Katikati ya bwawa?"

Nikamgeukia dalali. Aibu yangu niliipa jina la huruma, na jina zuri, mwanangu, limewahi kuficha makosa mengi. Tukainunua.

Siku ya kwanza Nyemo alipanda na wenzake wawili, na mvuvi mmoja aliyejua kazi ya tanga. Tangi tulilijaza pale pale. Mimi nilibaki ufukoni, nimeweka mikono nyuma kama mkaguzi. Hawajafika mbali, nikaona wanawake wameanza kuchota maji kwa sufuria. Tangi lilikuwa na ufa upande wa ndani, kwenye maungio yaliyofunikwa na mbao za kukalia, nao ulipanuka kila wimbi lilipoitikisa mashua. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nimekagua nguo kwa nje tu. Maji ya tangi yakazidi kumwagikia ndani, yakawa yanakimbia huku na huku miguuni mwao, na mashua ikapoteza kile kilichokuwa kikiishikilia. Upepo ulipogeuka, ikalala ubavu.

Wote walitoka hai. Nalisema mapema usije ukaumia. Wavuvi wa mtumbwi wa jirani waliwawahi. Lakini nilimwona dada yangu ameng'ang'ania mlingoti, kinywa wazi, bila sauti, na mimi niliyemwambia chombo ni kizima nilikuwa nimesimama pakavu.

Aliposhushwa, akiwa amefunikwa khanga ya mtu mwingine, aliniuliza, "Ulijua kuwa lile tangi halijapimwa?"

"Nilijua, dada."

"Sasa kwa nini?"

Nikamweleza habari za bomba na foleni ya ndoo. Akajifunga vizuri ile khanga.

"Ungeniambia, mdogo wangu. Maji yale ningekuja kuyateka mwenyewe, ndoo kwa ndoo, hata kwa siku tatu. Nani alikutuma uone haya kwa gharama ya roho yangu?"

Mzee Issa alikuja Mtera nilipompelekea habari. Nilimwamkia nikiwa nimeinamisha macho, nikingoja anikumbushe maneno yake. Hakunikumbusha. Aliivuta mashua hadi nchi kavu, akaikausha, akang'oa mbao za kukalia, akaomba majivu kwenye meko ya akinamama na kuyanyunyiza kando ya kila maungio. Kisha akalijaza tangi hadi shingoni, akaenda kuswali adhuhuri. Aliporudi, majivu yalikuwa yamelowa mstari mmoja, mweusi, wa urefu wa kiganja.

"Umeona? Hakuna tone lililopotea," alisema. "Maji ya kupimia huazimwa tu. Pale Ipagala tungeyafungulia yakarudi kwenye ndoo zile zile, akinamama wakafulia nguo zao. Ungewaeleza tu, mwanangu. Wale ni watu, wangeelewa."

Akapaziba, akapima tena, na tena. Siku ya kuvuka, Nyemo alisimama kwenye maji ya magotini akanielekezea mashua kwa kidevu. "Tangulia wewe." Na mimi sijui kuogelea. Nikatangulia. Akaketi kando yangu, akashika mkono wa shati langu, asiuachie mpaka ng'ambo.

Basi, mwanangu, ukinunua chombo kilichokwisha kutumiwa, kipime kwa mzigo kitakaoubeba, tena kabla hakijabeba mtu. Mficha uchi hazai: ukiona haya kuuliza jambo zito, eleza haya yako kwa sauti, huenda walio mbele yako wakakusaidia kuyatua. Na usimwambie mtu yeyote "panda" pale ambapo wewe mwenyewe hujathubutu kukaa. Mungu akujalie watu wa kukuamini, na akupe uvumilivu wa kustahili imani yao. Akuvushe salama, wewe na wote utakaowashika mkono.